Pawa saplai na bodi ya nyongeza kwenye mfumo wa ulinzi wa nyumba: mwongozo kamili kwa nyumba za Malindi

Bodi ya nyongeza, ile inayoongeza nafasi za sensa kwenye alamu, imefungwa, nyaya nne zimeingia mahali pake, lakini kipedi, kile kibao cha namba cha ukutani, hakiioni. Au kinaiona, halafu saa nane za usiku stima ikirudi king'ora kinalia na askari anamulika ukuta mzima bila kuona mtu. Mafundi na wenye nyumba wanaoniuliza, kuanzia Casuarina hadi Mambrui, karibu wote wamekwama hapo, na baadhi yao wameshanunua bodi ya pili wakidhani ya kwanza ni mbovu.

Mara nyingi bodi ni nzima. Kilichokosekana ni hesabu ya mkondo kabla ya kazi kuanza, pamoja na waya mmoja mweusi kati ya pawa saplai mpya na paneli, yaani bodi kuu ya alamu.

Mwongozo huu ni wa mfumo wa nyaya wa volti 12, wenye paneli, betri, kipedi na sensa, unaotaka kuongezewa zoni, yaani sehemu ambazo paneli inazisoma moja moja, na sehemu ya nje. Zifuate hatua kwa mpangilio wake, na ile ya kwanza usiiruke hata kama mwenye nyumba amesimama nyuma yako akiuliza utamaliza saa ngapi.

## Usalama kwanza

Upande wa volti 12 haukuui, lakini transfoma inakula umeme wa 240. Kuongeza soketi, swichi au fyuzi ya umeme huo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Kama nyumba ina soketi karibu na mahali pa kisanduku, na transfoma yako ni ya kuchomeka, upande huo huna haja ya kuugusa kabisa.

Angalia rangi za nyaya kwa makini. Kwenye nyumba za zamani, waya mwekundu uliomo ukutani ni moto wa volti 240 na mweusi ni nyutro. Kwenye alamu, mwekundu na mweusi ni chanya na hasi za volti 12. Ukikuta waya mwekundu na mweusi zinatoka tundu moja na hujui zilikotoka, zipime kwanza kwa testa kabla ya kuzikata au kuziunganisha.

Betri nayo isidharauliwe. Betri ndogo ya ampea-saa 7, ikiguswa miguu yake miwili na bisibisi, inatoa mkondo wa kuyeyusha waya na kuwasha moto. Nyumba nyingi za kwetu zina paa la makuti, na makuti yakishika moto hakuna wa kuyazima. Kwa hiyo kisanduku cha betri, pawa saplai na maungio yote yakae ukutani kwenye mawe. Usiweke chochote kati ya hivyo juu kwenye boriti chini ya makuti.

## Vifaa vya kukusanya

Kusanya vyote kabla ya kufungua kisanduku, maana mfumo uliozimwa nusu ni nyumba isiyo na ulinzi usiku huo.

- Bodi ya nyongeza ya familia moja na paneli yako. Bodi ya kampuni nyingine haizungumzi na paneli hiyo, hata kama nyaya nne zina rangi zile zile.
- Pawa saplai ya volti 12 yenye chaja ya betri ndani yake, ampea 1.5 hadi 2, pamoja na transfoma yake kama haina ya ndani. Ikiwa na relei (swichi ndogo zinazojiwasha na kujizima zenyewe) za kutoa habari za stima kukatika na betri kushuka, bora zaidi.
- Betri kavu mpya ya volti 12, ampea-saa 7. Isiwe iliyotolewa kwenye yu-pi-esi ya ofisi.
- Kebo ya alamu ya shaba tupu, nyuzi sita au nane, kwa sensa. Kwa umeme wa kwenda mbali, kebo ya nyuzi mbili ya milimita 1.0 au 1.5 za mraba.
- Rezista za thamani inayotajwa kwenye kitabu cha paneli.
- Fyuzi ya ampea 1 na kishikio chake, kwa kila tawi linalotoka nje ya nyumba.
- Multimita, bisibisi ndogo bapa na ya nyota, kisu cha waya, risasi na chuma cha kulehemu, mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto.
- Visanduku vya nje visivyoingiza maji, na vifungo vya mpira vya kupitishia kebo.
- Karatasi na kalamu.

Neno moja kuhusu kebo. Madukani kuna kebo nyingi za bei nafuu ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza ncha kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, iache. Alumini ina ukinzani zaidi ya shaba kwa nusu yake na ushee, na kwenye hewa ya chumvi inaoza haraka.

Jambo la pili: pawa saplai ya kamera, lile boksi la bati lenye matundu, haifai hapa. Haina betri. Stima ikikatika, kila sensa iliyofungwa hapo inazima, zoni zinafunguka, na paneli inaona wizi mahali ambapo hakuna mtu. Ving'ora vingi vya usiku vinavyolia bila sababu vinatoka kwenye boksi hilo.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya mkondo

Kila paneli ina kikomo cha mkondo inaoweza kutoa kwenye skrubu zilizoandikwa AUX. Kimeandikwa kwenye kitabu, na mara nyingine kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kisanduku. Chukua karatasi yako, andika kila kifaa kinachokula umeme na kiasi chake.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye paneli ya miliampea 700, jengo kubwa, nyumba ya wageni uani, na geti lililo mita 45 kutoka kwenye paneli:

- Vipedi 2, miliampea 100 kila kimoja: 200
- Sensa za ndani 6, miliampea 15: 90
- Sensa za nje 4, miliampea 30: 120
- Mihimili ya ukutani (vifaa viwili vinavyotazamana na kurushiana mwanga usioonekana) jozi 2, miliampea 80: 160
- Kifaa cha laini ya simu: 100
- Bodi ya nyongeza yenyewe: 30

Jumla ni miliampea 700, sawasawa na kikomo. Kwa macho ya haraka inatosha. Haitoshi. Kifaa cha simu kikitafuta mtandao kinavuta zaidi ya kile kilichoandikwa, vipedi vyote viwili vikiwaka taa vinaongeza, na volti ya bodi inayumba. Usipite asilimia 80 ya kikomo, yaani miliampea 560 katika mfano huu.

Suluhisho ni kuhamishia vifaa vya nje, mihimili na sensa nne, kwenye pawa saplai mpya. Hiyo ni miliampea 280. Paneli inabaki na 420 na inapumua.

King'ora hakimo kwenye orodha hii kwa sababu hakifungwi kwenye AUX. Kina skrubu zake, zilizoandikwa BELL. Kikifungwa AUX, siku ya kulia kitavuta ampea nzima au zaidi na kuzima mfumo wote wakati mwizi yuko ndani.

Sasa betri. Chukua ampea-saa za betri, zidisha kwa 0.7 kwa sababu hakuna betri inayotoa chote ilichoandikiwa, kisha gawanya kwa mkondo. Pawa saplai mpya: 4.9 gawanya kwa 0.28, ni saa 17 na nusu. Paneli, ukiongeza kama miliampea 100 za bodi kuu yenyewe: 4.9 gawanya kwa 0.52, ni saa 9 na ushee. Mwenye nyumba akikuambia stima kwake hupotea kutwa nzima, utajua mapema kwamba betri ya paneli ni ndogo.

Umefaulu ikiwa: una karatasi yenye jumla mbili, ya paneli na ya pawa saplai mpya, na hakuna iliyovuka asilimia 80.

## Hatua ya 2: Chagua kebo kwa urefu wake

Hapa ndipo kazi nyingi za Malindi zinapoharibika, kwa sababu viwanja ni vikubwa na geti liko mbali.

Kebo ya kawaida ya alamu, ya milimita 0.22 za mraba, ina ukinzani wa takriban ohmu 0.08 kwa kila mita ya uzi. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 45 hadi getini ni mita 90 za uzi: ohmu 7.2. Tuseme getini kuna jozi mbili za mihimili na sensa mbili za nje, miliampea 220. Zidisha: zinapotea volti 1.6 njiani.

Mchana stima ikiwepo, pawa saplai inatoa 13.8 na getini zinafika 12.2. Kila kitu kinafanya kazi, fundi analipwa, anaenda zake. Usiku stima inakatika. Betri inashuka taratibu hadi 11.5, na getini zinabaki 9.9. Mihimili mingi inataka si chini ya 10.5. Inazima, zoni inafunguka, king'ora kinalia, na asubuhi stima imerudi na hakuna hitilafu inayoonekana.

Kwa kebo ya milimita 1.0 ya mraba, urefu ule ule unapoteza volti 0.4 tu. Kwa ya 1.5, robo ya volti. Njia nyingine ni kuiweka pawa saplai yenyewe karibu na geti, kwenye kibanda cha askari, ikiwa kuna soketi na mlango unaofungwa. Mimi napendelea iwe ndani ya nyumba kubwa, kwa sababu pawa saplai iliyo nje ya mlango wa nyumba ni ya yeyote mwenye bisibisi.

Unapopitisha kebo, iache mbali na nyaya za 240 kwa sentimita 30 hivi. Ikibidi zipishane, zipishane kwa pembe mraba. Kebo mbili zikilala pamoja kwenye paipu moja, umeme mkubwa unaingiza kelele kwenye waya wa data, na tena ni hatari siku ganda la plastiki likichubuka.

Kuta za matumbawe zinamomonyoka kwenye tundu la drili. Tumia skrubu ndefu na plagi nene, na usifunge kisanduku cha betri kwa skrubu mbili za juu peke yake. Betri hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo mbili.

Kwa maungio ya nje, chumvi ndiyo adui. Menya ganda la kebo iliyokaa miaka michache upande wa bahari, na utakuta nyuzi za shaba zimegeuka nyeusi, kisha kijani, na kijani hicho kimepanda ndani ya ganda sentimita kadhaa kutoka kwenye ncha. Ukinasa skrubu juu ya waya wa aina hiyo hujaunganisha kitu. Kata nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa, ulehemu, uvike mrija, na ungio likae ndani ya kisanduku ambacho tundu za kebo zimeelekea chini. Kabla kebo haijaingia, ipinde iteremke kidogo chini ya tundu ili maji ya mvua ya masika yadondoke hapo badala ya kuifuata ndani. Ziba pia matundu yasiyotumika. Sisimizi na mijusi hupenda ujoto wa bodi, na mjusi aliyekufa juu ya skrubu mbili ni waya kama waya mwingine.

Umefaulu ikiwa: kwa kila tawi umeandika urefu, mkondo na volti zitakazopotea, na hakuna tawi linalopoteza zaidi ya nusu volti.

## Hatua ya 3: Zima mfumo wote

Mwarifu mwenye nyumba, askari, na kampuni ya ulinzi kama mfumo umeunganishwa nao. Chomoa transfoma kwenye soketi. Kisha toa waya wa betri. King'ora cha nje chenye betri yake ndani kitalia ukikata umeme wake, kwa hiyo kizime kwa swichi au ufunguo wake kabla.

Piga picha ya kila skrubu kwa simu yako. Waya wowote utakaoutoa, ubandike tepu yenye namba.

Umefaulu ikiwa: multimita inasoma sifuri kati ya AUX chanya na AUX hasi.

## Hatua ya 4: Funga bodi ya nyongeza

Bodi inazungumza na paneli kwa nyaya nne, zile zile zinazoenda kwenye kipedi: nyekundu na nyeusi kwa umeme, kijani na njano kwa mazungumzo. Kijani kiende kijani na njano iende njano. Ukizigeuza bodi haiungui, ila paneli haitaiona, nawe utatafuta kosa saa nzima.

Kaza skrubu, kisha uvute kila waya kwa vidole. Waya usitoke, na ganda lisiwe limebanwa chini ya skrubu. Menya milimita sita hivi tu. Shaba iliyobaki nje ni njia ya kugusana na jirani yake.

Kama bodi itakaa kisanduku kimoja na paneli, au iko karibu nayo na hesabu yako inaruhusu, nyaya zote nne zitoke kwenye paneli na hatua ya 5 itahusu sensa pekee. Kama bodi iko mbali, tuseme nyumba ya wageni, na italishwa na pawa saplai mpya iliyo huko, subiri: mwekundu wa kutoka kwenye paneli usiufunge kwenye bodi. Uvike tepu uuache.

Paneli itaitambua bodi kwa namba. Bodi nyingine zina swichi ndogo au vibanio vya kupanga, nyingine zina namba ya kiwandani iliyobandikwa, ambayo utaiingiza kwenye kipedi. Ipange sasa, au iandike sasa, kabla hujafunga kifuniko. Bodi mbili zenye namba moja zitakuwa kama hazipo.

Umefaulu ikiwa: kila waya umeshika, rangi zimelingana, na namba ya bodi iko kwenye karatasi yako.

## Hatua ya 5: Funga pawa saplai, hasi ziungane na chanya zitengane

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike yote haya. Isome yote kabla ya kushika waya.

Hasi za mfumo mzima ziwe kitu kimoja. Chukua waya mweusi wa kutosha, milimita 1.0 ya mraba au zaidi, kutoka skrubu ya hasi ya pawa saplai mpya hadi AUX hasi ya paneli.

Sababu yake ni hii. Bodi inaposoma waya wa njano au kijani, inapima volti yake kulinganisha na mweusi. Mweusi wa bodi ukitoka kwenye pawa saplai ambayo haijaungana na paneli, hizo hasi mbili hazina uhusiano wowote. Paneli inasema volti tano, bodi inasikia kitu kingine kabisa, kinachobadilika kila sekunde. Bodi haionekani, au inaonekana asubuhi na kupotea jioni. Vivyo hivyo kwa sensa ambayo umeme wake unatoka upande mmoja na zoni yake inasomwa upande mwingine.

Chanya zisiungane kamwe. Pawa saplai mbili hazitoi volti sawasawa. Moja itakuwa 13.6 na nyingine 13.8. Ukiunganisha chanya zao, yenye volti nyingi inabeba mzigo wote na kusukuma mkondo ndani ya mwenzake, chaja zinadanganyika kuhusu hali ya betri, na stima ikikatika betri moja inaanza kuichaji nyingine. Kikiungua kitu, zote mbili zinaenda.

Kwa bodi iliyo mbali, basi, mpango uko hivi: mwekundu wa bodi unatoka kwenye pawa saplai mpya peke yake. Mweusi wa bodi una nyaya mbili, mmoja wa pawa saplai na mmoja wa paneli. Kijani na njano zinatoka kwenye paneli.

Sasa matawi ya nje. Kila tawi lianze kwenye chanya ya pawa saplai, lipite kwenye fyuzi yake ya ampea 1, ndipo liende. Siku panya atakapotafuna kebo ya getini, fyuzi moja itakatika na upande wa bwawa utaendelea kulinda.

Kila pawa saplai iwe na transfoma yake. Transfoma ya paneli imepimwa kwa kazi ya paneli na kuchaji betri yake. Ukiigawia bodi ya pili itachemka, na volti itashuka zote mbili zikichaji baada ya stima kurudi.

Waya wa ethi, ule mmoja wenye mistari ya kijani na njano (si zile mbili za data), ufungwe kwenye bati la kisanduku na kwenye skrubu ya ethi ya paneli. Usitumie hasi ya volti 12 kama ethi upande wa pili wa kiwanja kwa kuifunga kwenye nondo iliyochomekwa mchangani. Ethi iwe mahali pamoja tu, la sivyo mkondo unazunguka kupitia ardhini na kuingia kwenye nyaya za data.

Betri ifungwe mwisho, nyekundu kwa nyekundu. Usiifunge bado, iache pembeni hadi hatua ya 8.

Umefaulu ikiwa: kila kitu kikiwa kimezimwa, multimita kwenye ohmu inasoma chini ya ohmu moja kati ya hasi ya pawa saplai na hasi ya paneli, na haionyeshi njia ya moja kwa moja kati ya chanya zao mbili.

## Hatua ya 6: Zoni na rezista zake

Kila zoni inataka rezista ya mwisho wa mstari, na jina lake linasema inapokaa: mwisho, ndani ya sensa. Rezista iliyofungwa kwenye bodi kwa kuwa hapo ni rahisi kufikia inailinda bodi tu. Mwizi akigusanisha nyaya mbili za sensa, paneli itaona zoni imefungwa salama milele.

Thamani inategemea paneli. Kilo-ohmu 1, yenye kahawia, nyeusi, nyekundu, inatumika sana. Paneli nyingine zinataka kilo-ohmu 5.6, yenye kijani, buluu, nyekundu. Usichanganye, na usibahatishe kwa rangi iliyofifia. Pima.

Kabla hujafunga zoni kwenye bodi, pima nyaya zake mbili. Mlango ukiwa umefungwa, usome thamani ya rezista na ohmu chache za ziada za kebo. Mlango ukifunguliwa, usome kukatika kabisa. Namba ikiwa inacheza, inapanda na kushuka bila mtu kugusa kitu, kuna ungio lililooza njiani. Litafute sasa.

Zoni za bodi zisizotumika zima kwenye programu au zifunge rezista juu ya skrubu zake. Vivyo hivyo kwa BELL: kama hapana king'ora, paneli nyingi zinataka rezista ya kilo-ohmu 1 hapo, bila hiyo zinalalamika.

Umefaulu ikiwa: kila zoni ina namba mbili kwenye karatasi, ya wazi na ya kufungwa.

## Hatua ya 7: Pawa saplai iweze kulalamika

Paneli inajua betri yake ikichoka, lakini ile ya pawa saplai mpya haiioni. Inaweza kufa na ikakaa imekufa mwaka mzima hadi siku stima itakapokatika.

Kama pawa saplai ina relei za hitilafu, zifunge kwenye zoni iliyobaki na uipange kuwa ya saa 24, isiyopiga king'ora bali kutoa taarifa. Relei ya stima na ya betri zinaweza kufuatana kwenye zoni moja.

Kwa nyumba za Malindi ambazo mwenyewe yuko Nairobi au Italia nusu mwaka, naichukulia hatua hii kuwa ya lazima. Tokeni zikiisha kwenye mita, hakuna anayejua. Majirani wana stima, nyumba ina giza, na mfumo unakula betri hadi unazima kimya kimya. Ujumbe mmoja kwenye simu unampa mtu nafasi ya kununua tokeni akiwa huko huko aliko, betri ikiwa bado na saa kadhaa ndani yake.

Umefaulu ikiwa: baada ya kuwasha mfumo kwenye hatua ya 8, ukichomoa transfoma ya pawa saplai mpya, taarifa inatokea kwenye kipedi. Nyingine husubiri dakika kadhaa kwanza, kwa hiyo kuwa na subira.

## Hatua ya 8: Washa, pima, kisha ukate stima kwa makusudi

Chomeka transfoma ya pawa saplai mpya kwanza, kisha ya paneli. Halafu funga betri zote mbili. Ukisikia harufu ya kuungua au transfoma ikinguruma, chomoa na urudi hatua ya 5.

Pima kwa mpangilio huu na uandike:

1. Miguu ya kila betri: baada ya kuchaji, iwe kati ya 13.6 na 13.8.
2. AUX ya paneli, vifaa vyote vikiwa vimewaka.
3. Nyekundu na nyeusi kwenye bodi ya nyongeza.
4. Kifaa cha mwisho kabisa cha kila tawi, yaani pale getini, ndani ya mhimili wenyewe.

Namba ya nne ndiyo yenye habari. Ilinganishe na hesabu ya hatua ya 2. Ikiwa imepungua kuliko ulivyokadiria kwa zaidi ya robo volti, kuna ungio baya au kebo si shaba.

Iingize bodi kwenye programu ya paneli, kisha tembea kila zoni na mtu mmoja akiwa kwenye kipedi akisoma kwa sauti. Baada ya hapo iache betri ichaji usiku kucha.

Kesho yake fanya jaribio ambalo mafundi wengi hawalifanyi: chomoa transfoma zote na uache mfumo kwenye betri kwa saa mbili. Mwishoni liza king'ora dakika moja huku ukipima betri ya paneli. Ikishuka chini ya 11.5 wakati wa kulia, betri ni mbovu hata kama ni mpya dukani. Pima tena getini. Kisha rudisha transfoma na usikilize: zoni yoyote inayofunguka stima inaporudi ndiyo itakayokuamsha usiku.

Weka kinga ya mawimbi ya umeme kwenye soketi ya transfoma, ile inayochelewesha stima kwa dakika chache baada ya kurudi. Volti hupanda ghafla wakati huo, na bodi hizi hazivumilii.

Umefaulu ikiwa: saa mbili za betri zimepita bila zoni kufunguka, na stima imerudi bila king'ora kulia.

## Bado inagoma?

Bodi haionekani kabisa: pima kijani na njano, kisha waya wa hasi kati ya pawa saplai na paneli. Kama uko mbali na paneli, ilete bodi pale pale kwenye paneli kwa nyaya fupi. Ikionekana hapo, kosa liko kwenye kebo.

Bodi inaonekana na kupotea: volti imeshuka, au hasi imelegea. Ipime volti ya bodi wakati vipedi vyote vimewaka.

Zoni zote za bodi ziko wazi kwa pamoja: bodi imekosa umeme au thamani ya rezista si yake.

Zoni moja inalia alfajiri peke yake: unyevu kwenye ungio la nje. Umande wa alfajiri juu ya chumvi iliyokauka unapitisha umeme, jua likitoka panakauka na kosa linajificha. Nenda ukapime saa kumi na moja alfajiri.

Kipedi kinaonyesha hitilafu ya betri kila baada ya stima kukatika: betri imechoka. Joto ndilo linaloziua hapa kwetu. Kila nyuzi joto 10 zaidi ya 25 hupunguza umri wa betri kavu kwa karibu nusu. Usiweke kisanduku kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, andika tarehe ya kufungwa juu ya betri kwa kalamu isiyofutika, na karatasi yako ya vipimo iache ndani ya mlango wa kisanduku kwa ajili ya fundi atakayefuata.